Nani Atamwekea Sahihi?

Andiko: Matendo ya Mitume 9:26–30 na 11:25–26. Soma pia Filemoni 1:17–19.

Mlio nje kwenye hema, mnanisikia? Haya.

Leo nitawapeleka Uingereza kidogo tukaangalie ndege. Najua kuna mama hapa anajiuliza mchungaji amepatwa na nini, andiko linataja Saulo na Barnaba halafu yeye anatuletea habari za eropleni. Nivumilie, mama. Yerusalemu tutafika.

Ndege yenyewe ni aina ya Vulcan, na hii ninayoisema ina nambari yake: XH558. Iliundwa na kampuni ya Avro. Iliruka mara ya kwanza Mei 1960, na tarehe 1 Julai mwaka huo ikakabidhiwa Jeshi la Anga la Uingereza. Injini nne. Bawa la pembetatu, na kutoka ncha moja hadi nyingine ni karibu mita 34. Kazi iliyoundiwa ilikuwa moja: kubeba bomu la nyuklia hadi kwa adui. Na ilipakwa rangi nyeupe. Wapendwa, weupe ule haukuwa wa utakatifu. Ulikuwa wa kurudisha nyuma mwanga na joto la bomu, ili walioliangusha wasiungue nalo. Kuna watu huvaa nyeupe kwa sababu ya namna hiyo, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Tunamshukuru Mungu, bomu lile halikuwahi kuangushwa vitani na ndege hizi. Vulcan zilipigana katika vita vimoja tu, mwaka wa 1982, Uingereza na Argentina ziligombania visiwa vya Falkland. Ndege nyingine ya aina hiyo, XM607, ikiongozwa na rubani Martin Withers, ilitoka usiku katika kisiwa cha Ascension, ikakaa angani karibu saa 16 kwenda na kurudi, ikijazwa mafuta huko huko juu na ndege nyingine, ikaangusha mabomu 21 ya kawaida kwenye uwanja wa ndege wa Stanley. Lishikeni jina la Withers, nitalirudia.

Ile XH558 yetu haikwenda. Mwaka huo huo iligeuzwa ikawa tangi la mafuta la angani. Iliyoundwa kubeba moto ikawa inawalisha wenzake safarini. Mwaka wa 1984 kazi hiyo nayo ikaisha, ikabaki ya maonyesho mpaka 1992. Wakubwa wakaangalia hesabu, wakasema basi. Machi 1993 ikauzwa kwa raia, ikapelekwa uwanja mmoja unaoitwa Bruntingthorpe, ikatua, injini zikazimwa.

Hapo ndipo nataka tuanzie. Ndege ya vita, haina vita. Haina jeshi. Haina mshahara, kama tunaweza kusema hivyo. Kila mara moja moja inawashwa, inakimbizwa kwenye lami watu waone, halafu inarudishwa mahali pake. Haikuundiwa kukimbia kwenye lami.

Na msidhani hizi ni habari za wazungu peke yao. Jeshi letu la Anga lilikuwa na ndege ndogo za kivita aina ya Strikemaster tangu miaka ya sabini. Baadaye ziliuzwa Botswana, na kutoka huko kuna zilizorudi Uingereza zikaandikishwa kuwa mali ya raia. Ndege iliyokuwa na alama za Kenya, leo inaitwa raia wa kule! Zipo nyingi za namna hiyo duniani: zilivaa magwanda, sasa zimevuliwa, na swali ni moja. Zitaishi vipi?

Ndiyo maana naona ndege hii inafanana na watu wengi walioketi hapa. Kuna aliyestaafu jeshini na mpaka leo anaamka saa kumi alfajiri na hana pa kwenda. Kuna aliyetoka jela. Kuna aliyetoka kwa pombe, na mnajua alikuwa nani kabla hajaokoka, kwa sababu mlikuwa mkivuka barabara mkimwona. Wokovu ameupata. Maisha ya baada ya hapo ndiyo bado.

Sasa sikilizeni. Walitokea watu, wakiongozwa na Robert Pleming, wakasema ndege hii itaruka tena. Wakafanya harambee. Harambee kweli kweli, ya wazee na pensheni zao na watoto na shilingi zao. Mfuko wa bahati nasibu ya taifa wa kuhifadhi mambo ya kale ukawapa kama paundi milioni 2.7. (Ndiyo, bahati nasibu. Msinitazame hivyo, vijana. Sijasema mkabeti.) Mwaka wa 2005 mafundi wakaanza kuifungua yote, kipande kwa kipande, nyaya, mabomba, kila kitu. Kufika Agosti 2006 pesa zikaisha kabisa, mafundi wanakaribia kuambiwa waende nyumbani, ndipo tajiri mmoja, Jack Hayward, akatoa paundi 500,000. Kazi ikaendelea. Na tarehe 18 Oktoba 2007, baada ya miaka 14 chini, ile ndege ikaruka.

Watu walilia. Kwa miaka minane iliyofuata walikuwa wakijaa viwanja na kando ya barabara kuiangalia na kusikia ule mlio wake, maana Vulcan ikiongezwa nguvu hutoa sauti kama ya mnyama anayelia. Na rubani mkuu wake katika maisha haya ya uraia alikuwa nani? Martin Withers. Yule yule wa Stanley. Amezeeka kidogo, hana bomu, anawarushia watoto ndege wafurahi.

Mtu ataniuliza, mchungaji, Isaya hakusema tuzitunze panga na kuzishangilia, alisema zitafuliwa ziwe vyombo vya kulimia. Ni kweli. Nami sipendi sana kuona watu wakiishangilia silaha hata ikiwa tupu. Lakini ndege hii nailetea kwa jambo lingine, na jambo lenyewe ni karatasi.

Ndege ya jeshi iliyostaafu, ikitaka kuruka kama raia kule Uingereza, lazima iandikishwe upya. XH558 iliandikishwa G-VLCN. Na bado nambari ya zamani ilibaki imeandikwa mwilini, kila mtu anaisoma. Mnaona? Kwa vitabu ni raia, kwa ngozi bado ni askari. Halafu, baada ya kuandikishwa, inahitaji kibali cha mamlaka ya anga. Na kwa ndege ngumu kama hii, mamlaka haitoi kibali kwa sababu mafundi wako wamesema iko sawa. Inataka kampuni zenye ujuzi wa ndege hiyo zisimame nyuma yake na kusema: tunaijua, tunaifuatilia, tuulizeni sisi. Vulcan ilikuwa na tatu. BAE Systems, ambayo ndiyo mrithi wa Avro. Rolls-Royce upande wa injini. Na Marshall Aerospace, wa kusimamia mambo ya uhandisi.

Kwa lugha yetu, hao ni wadhamini. Mnaochukua mikopo ya sacco mnanielewa upesi. Unaweza kuwa mtu mzuri, unaweza kuwa na hisa, lakini bila wale wadhamini kuweka sahihi, fomu yako inakaa kwenye meza mpaka inakuwa ya manjano.

Sasa twende Yerusalemu. Saulo amefika. Huyu si Saulo wa jana, amekutana na Bwana njiani, amebatizwa, amehubiri Dameski mpaka akateremshwa ukutani kwa kapu. Wagalatia inatuambia imepita miaka mitatu. Anajaribu kujiunga na wanafunzi, na andiko linasema wote walimwogopa, hawakusadiki kuwa ni mwanafunzi. Wote! Petro yumo humo ndani. Watu waliojazwa Roho siku ya Pentekoste wamo humo ndani. Na mimi siwalaumu sana. Nambari ya zamani bado ilisomeka. Wengine wao walikuwa wamemzika Stefano.

Ndipo Barnaba akamchukua. Neno hilo nalipenda, akamchukua. Hakumwandikia barua ya kumpongeza. Akampeleka kwa mitume, akawaeleza habari zake: alimwona Bwana wapi, Bwana alisema naye vipi, alihubiri Dameski kwa ujasiri gani. Mnaona? Barnaba hakusema "namwonea huruma huyu." Alikuwa na habari kamili. Alimjua. Aliweka sahihi kwa mtu ambaye faili yake ameisoma.

Na Paulo alijifunza, maana miaka baadaye yeye mwenyewe anamwekea sahihi mtumwa, Onesimo. Someni Filemoni nyumbani, ni barua ya ukurasa mmoja. Anamwambia Filemoni kwamba ikiwa huyu ana deni, liandikwe kwa jina lake Paulo, na anasisitiza kuwa hilo anaandika kwa mkono wake mwenyewe. Huyo ni mdhamini wa sacco kabisa! Yuko kifungoni, hana kitu, na anaweka sahihi.

Sema Amina kama uko nami.

Nirudi kwa ndege, kuna jambo la Mei 2012 ambalo sitaki tulipite haraka. XH558 wakati huo ilikuwa imehamia Doncaster, uwanja ambao zamani ulikuwa kambi ya jeshi ya Finningley, mahali ilipowahi kukaa ikiwa changa. Tarehe 28 Mei inaanza kukimbia ipae. Injini mbili za kushoto zikaharibika pale pale. Marubani wakakata safari, hakuna aliyeumia. Mafundi walipochunguza wakakuta sababu: vifuko. Mnavijua vile vifuko vidogo mnavyokuta ndani ya sanduku la viatu vipya, vya kunyonya unyevu? Ni vya aina hiyo. Ndege ikiwa imelala, huwekwa kwenye njia ya hewa ya injini ili unyevu usile vyuma. Vilisahauliwa ndani. Injini ya kwanza ikavivuta, ikavunjika, na vipande vyake vikavutwa na injini ya pili. Na injini zenyewe zilikuwa za kuhesabiwa, zilizokuwa zimehifadhiwa mpya tangu enzi za jeshi. Hakuna duka unakwenda kununua nyingine.

Wapendwa, kifuko kile hakikuwa kibaya! Hakuna adui aliyekiweka. Kiliwekwa na fundi mwema, kwa kazi nzuri, kwa wakati wake. Ubaya wake ni kwamba wakati wa kuruka ulifika kikiwa bado ndani.

Hebu mwangalie ndugu aliyekaa jela miaka saba. Huko alijifunza kutomwamini mtu, na kutoamini ndiko kulikomfanya atoke hai. Alijifunza kula haraka na kuficha kilichobaki. Alijifunza kutosema lililo moyoni. Amerudi nyumbani, mke anamwuliza, baba, unawaza nini, na yeye anajibu "hakuna." Mke anadhani hapendwi. Ni kifuko! Au dada aliyelelewa na mtu mlevi, akajifunza kusoma nyuso, kila anayeingia mlangoni anampima hasira. Ulinzi huo ulimsaidia akiwa mtoto. Leo ameolewa na mtu mpole, na bado anampima kila jioni, na yule bwana anachoka. Na vipande vya injini ya kwanza huingia injini ya pili. Kinachoharibika kwa baba kinavutwa na mtoto.

Kifuko hakitolewi kwa kukemewa. Naamini katika maombi, mnanijua, nimekesha na ninyi hapa. Lakini hiki hutolewa na mtu mwenye tochi anayeingia ndani ya ile njia ya hewa na kuangalia kwa macho, kila safari, hata kama jana aliangalia. Mtu huyo lazima awe karibu. Lazima aruhusiwe kuingia. Na lazima ajue kifuko kinafanana na nini, ndiyo maana aliyetoka kwa pombe miaka kumi iliyopita anafaa kumfuata aliyetoka juzi kuliko sisi ambao hatukuwahi kuionja.

Kuna wengine hapa wanasema moyoni, mchungaji, kumkagua mtu kila wakati ni kumdharau, Mungu amesamehe. Hapa nataka nizungumze kwa upole. Agosti 2015, kule Shoreham, kusini mwa Uingereza, ndege nyingine ya kivita ya zamani aina ya Hunter, iliyokuwa ikirushwa na raia kwenye maonyesho, ilishindwa kumaliza mzunguko wake ikaanguka barabarani. Watu 11 walikufa. Hawa walikuwa barabarani, kwenye shughuli zao, na wengine wao hata tiketi ya maonyesho hawakuwa nayo. Hunter hizo Kenya pia tuliwahi kuzirusha, miaka ya sabini. Baada ya siku ile masharti yalikazwa kote Uingereza, na waliopenda ndege za zamani hawakupaswa kulalamika.

Kitu kilichorejeshwa kina nguvu ile ile kiliyokuwa nayo. Mtu pia. Kwa hivyo aliyeiba akirudi, tutampokea na kumlisha na kumpa kazi, ila hatutampa ufunguo wa sanduku la sadaka mwezi wa pili. Na aliyemdhuru mtoto, hata akitubu kwa machozi, hatawekwa shule ya Jumapili. Hapo sijadiliani na mtu. Hiyo si chuki. Barabarani kuna watu ambao hawakukata tiketi.

Lakini hatari kubwa ya kanisa letu siyo hiyo. Sisi hatukosi tahadhari. Tunakosa sahihi.

Mwaka wa 2015 XH558 ilistaafu kwa mara ya pili. Mkiuliza kwa nini, msidhani ilichakaa. Majira ya baridi ya kuamkia 2014 mabawa yake yalikuwa yameimarishwa ili iongezewe saa za kuruka. Pesa watu walikuwa wakitoa. Marubani walikuwepo. Ila zile kampuni tatu, kwa pamoja, ziliamua kuacha kusimama nyuma yake. Vulcan ni ya zamani mno, wenye ujuzi wake wanastaafu, hakuna wa kuchukua nafasi zao. Sahihi zikaondoka, na kibali kikaondoka nazo. Tarehe 28 Oktoba 2015 iliruka mara ya mwisho, ikatua Doncaster, na tangu siku ile haijapaa.

Nimesikia watu wakizilaumu zile kampuni. Mimi naona walifanya jambo la kweli: aliyeacha kujua asijifanye anajua. Mdhamini wa uongo ni mbaya kuliko kukosa mdhamini. Lakini nikiwaza ile ndege, mabawa yameimarishwa, injini zinawaka, iko chini kwa sababu waliokuwa wakiijua wameisha, nawaza watu wetu.

Siku ya ushuhuda tunajua kupiga makofi. Ndugu anasimama hapa, amenyoa, amevaa koti la kuazima, anasema Yesu ameniokoa, na akina mama wanapiga vigelegele mpaka bati linatikisika. Hiyo ni ile Oktoba 2007. Ni nzuri, nisiizime. Lakini mwezi wa sita baada ya hapo ni nani anamjua? Nani anajua analala wapi, anadaiwa na nani, ni jirani gani anayemwita kwa jina lake la zamani akipita na chupa? Mwajiri akipiga simu kanisani kuuliza habari zake, nani atasema "namjua, niulize mimi"? Mara nyingi ndugu huyo akirudi nyuma tunasema hakuokoka sawasawa. Injini zilikuwa zinawaka, wapendwa. Karatasi ndiyo haikuwa na sahihi.

Na Saulo? Walimpeleka Tarso, kwao. Akakaa huko miaka, na kitabu cha Matendo kinanyamaza kabisa juu yake. Mpaka sura ya 11, Barnaba anaona kazi ya Antiokia imekuwa kubwa, na anasafiri mpaka Tarso kumtafuta. Hakungoja Saulo aombe. Alikwenda mwenyewe, akamtafuta, alipomwona akamleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Mwaka mzima bega kwa bega. Hizo barua zote za Paulo unazopigia mstari kwenye Biblia yako, nyuma yake kuna mtu aliyeshika njia kwenda Tarso.

Sasa nimalize, naona wanaohudumia chai wameanza kunitazama.

Kuna watatu kati yetu mwaka huu. Wawili wametoka kifungoni, mmoja amemaliza miezi yake katika kituo cha kuacha dawa za kulevya. Sitawataja hapa madhabahuni, lakini wamekubali kufuatwa, na wazee wa kanisa wameshakaa nao. Mezani pale karibu na mlango wa kutokea, mkono wa kushoto, kuna karatasi tatu. Juu kuna jina moja, chini kuna mistari minne. Ukiandika jina lako unakubali mwaka mzima: kumwona kila wiki, si kwa simu, kujua pesa yake inaingia na kutoka vipi, na kutwambia mapema ukiona kifuko, hata kama mwenyewe atakukasirikia. Kama huwezi kila wiki, usiandike, hakuna atakayekuhukumu. Tunahitaji majina kumi na mawili. Aliyeandika leo abaki baada ya chai, tutakutana kwenye chumba cha watoto nusu saa. Kalamu ni mbili na zimefungwa kwa uzi, kwa hivyo mpange foleni taratibu.